Dakika Tatu Nilizomwambia Daktari

Binti yangu alikuwa na wiki tisa siku alipoacha kupumua mikononi mwangu. Ilikuwa asubuhi, yapata saa nne, nyumbani kwa mama mkwe wangu nje kidogo ya mji wa Kitale, ambako nilikuwa nimekwenda kumalizia likizo ya uzazi. Nilikuwa nimemwogesha na kumnyonyesha, naye ameshiba. Nilikaa kwenye jua mlangoni nikimfunga vifungo vya sweta. Mama mkwe, ambaye mimi humwita mama tu, alikuwa hatua chache kutoka kwangu akipukuchua mahindi ndani ya beseni.

Mtoto alikunja uso kama anayetaka kulia, lakini sauti haikutoka. Uso ukaiva, kisha midomo ikaanza kugeuka rangi, ikawa kama ganda la zambarau ambalo halijaiva vizuri. Mikono ikalegea. Macho yalibaki wazi lakini hayakuwa yananiona.

Mimi ni muuguzi. Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika kituo kidogo cha afya upande wa Kanduyi, Bungoma. Mara nyingi nilisimama mbele ya akina mama waliokuja kliniki nikawafundisha la kufanya mtoto mchanga akipaliwa. Asubuhi ile sikufanya hata moja kati ya niliyoyafundisha. Nilimwinua juu kwa makwapa nikampigia kelele usoni, "Mama! Mama!" kama kwamba yeye ndiye mkubwa na mimi ndiye mtoto.

"Reta hapa!" mama mkwe alisema. Akiwa na hofu, 'l' zake hugeuka 'r'.

Alinipokonya. Alimlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikielekea chini, akampiga mgongoni kwa kiganja chenye vumbi la mahindi. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Ya tatu, maziwa yakatoka puani, mtoto akakohoa, akavuta pumzi yenye mlio, akalia. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile kilio, nikakaa chini kwenye punje za mahindi.

Jirani yetu hubeba maziwa ya wafugaji kwa pikapu. Mama alimwita kupitia ua, naye akaja bila hata kuvaa viatu vizuri. Njia nzima niliweka kidole chini ya pua ya mtoto. Tulipofika hospitali alikuwa amelala usingizi mzuri, mashavu yamerudi rangi yake, amefumba ngumi kama mtu asiye na habari.

Muuguzi wa mapokezi alimpima joto. Akaangalia macho, akaangalia kifua, akahesabu pumzi huku akitazama saa ya ukutani. Benchi lilikuwa limejaa watu.

"Mbona yuko sawa, mama?" akauliza.

Sauti ile niliifahamu. Haikuwa na ubaya. Ni sauti ya mtu ambaye amesimama tangu asubuhi na ameona watoto thelathini, na huyu aliye mbele yake hana homa wala haharishi. Niliifahamu kwa sababu ni sauti yangu mwenyewe, na nilijua inapokwenda. Inakwenda nyumbani. Utaambiwa umcheulishe vizuri, utapewa kijikaratasi, utarudi kukaa na mtoto wako na kidole chini ya pua yake.

Kwa hiyo tulipoingia kwa daktari nilikuwa nimeshaamua.

Alikuwa kijana mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. "Alikata pumzi kwa muda gani?" aliuliza.

"Dakika tatu," nikasema.

"Dakika tatu? Una uhakika?"

"Niliangalia saa."

Sikuwa na saa. Simu yangu ilikuwa ndani ya nyumba ikichajiwa.

"Alitetemeka?"

"Ndiyo. Mkono wa kulia na mguu wa kulia. Macho yaligeuka upande." Halafu, kwa kuwa bado alikuwa anaandika polepole, nikaongeza, "Mimi pia ni muuguzi, daktari."

Aliweka kalamu chini akaniangalia upya. Hapo nilijua mlango wa wodi umefunguka. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kando yangu na leso ya mtoto mapajani, alinigeukia. Alinitazama kwa muda mfupi, kisha akaanza kuikunja ile leso, akaikunjua, akaikunja tena.

Kilichofuata kilifuata haraka, na kila hatua ilikuwa sahihi kwa mtoto ambaye nilikuwa nimewaelezea. Mtoto wa wiki tisa aliyekosa hewa dakika tatu na kutetemeka upande mmoja si mtoto wa kurudishwa nyumbani. Walimtoa damu. Walimwekea mfuko wa plastiki wa kukinga mkojo. Wakasema lazima wachukue maji ya uti wa mgongo, ili wajue kama ni homa ya uti wa mgongo, na nikatia sahihi. Waliniambia nisubiri nje. Mimi mwenyewe nimewahi kuwashika watoto kwa ajili ya sindano hiyo, nimewakunja kama herufi C, shingo kwa magoti, nikiwaambia mama zao wasubiri nje kwa sababu hawataweza kuangalia. Sasa nilisimama ukumbini nikisikia kilio kile kile kikitoka kwa mtoto wangu. Kilipanda, kikakatika, nikafikiri ameacha kupumua tena, kikapanda.

Alasiri mume wangu alifika kutoka Bungoma, ambako ni mwalimu. Aliingia wodini shati limeloa mgongoni, akamshika mtoto mkono ule usiokuwa na dripu.

"Ilikuwaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia dakika tatu. Nilimwambia mkono wa kulia na mguu wa kulia. Sikuona namna ya kumpa mume wangu hadithi tofauti na ile iliyoandikwa kwenye faili iliyoning'inia kitandani. Mama alikuwa upande wa pili wa kitanda. Akainuka akasema anakwenda kutafuta chai.

Siku ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Dripu iliyokuwa kwenye mkono wa mtoto ilitoka ndani ya mshipa bila mtu kujua, dawa ikaingia nyamani, na kufikia saa tatu asubuhi mkono mzima ulikuwa umevimba kama andazi, vidole vikitokeza kidogo tu. Walitafuta mshipa mwingine wakakosa, wakanyoa nywele juu ya sikio lake la kushoto na kuweka sindano kichwani. Mama aliziokota zile nywele chache kutoka kwenye shuka, akazifunga kwenye ncha ya kitambaa chake. Hakuuliza mtu ruhusa.

Lakini lililotutia hofu zaidi ni usingizi. Mtoto alikuwa amepewa dawa ya kuzuia degedege, na baada ya hapo hakuamka sawasawa. Nilimpa titi, akanyonya mara mbili akaacha, maziwa yakamwagika pembeni mwa mdomo. Nilimkuna nyayo. Alikunja uso kidogo, akarudi alikokuwa. Muuguzi alisema ni dawa. Baadaye muuguzi mwingine alisema hajui kama ni dawa au ni ugonjwa. Mume wangu alikwenda dirishani akabaki ametupa mgongo.

Daktari alipopita saa sita alisimama muda mrefu. Majibu ya maji ya mgongo yalikuwa safi. Damu ilikuwa safi. Alimwangalia mtoto, akaangalia faili.

"Hapa sipendi huu ulegevu," alisema. "Na kama ubongo ulikosa hewa dakika tatu, unaweza kuwa umeumia. Nataka apelekwe Eldoret akapigwe picha ya kichwa. Nitaandika barua, tutafute ambulensi."

Mume wangu alisema, "Sawa, daktari." Mimi nilisema sawa pia. Nilianza kukusanya nepi.

Mama mkwe alinishika kiwiko. Kushika kwake hakukuwa kwa kuomba. Alinitoa wodini hadi kwenye bomba la nje ambapo akina mama hufulia nguo za wagonjwa, akangoja mwanamke mmoja aliyekuwa akisuuza shuka aondoke.

"Mama mtoto," alisema, "ile siku mimi nilikuwa wapi?"

Niliangalia povu lililobaki chini ya bomba.

"Si nilikuwa hapo? Mimi ndio nilimpiga mgongo. Hata sikuwa nimemaliza Baba Yetu. Nilianza kusema ndani ya roho, nikafika kwa mkate wetu wa kila siku, mtoto akalia. Sasa dakika tatu ilitoka wapi? Na kutetemeka nani aliona?"

"Mama, wangeturudisha nyumbani."

"Wangeturudisha."

"Na angefanya tena?"

"Sasa wanampeleka Eldoret kutafuta kitu umeweka wewe." Alilifungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa chafu, akalifunga. "Mimi sitaenda kusema. Nikisema, nitakuwa nimekuvua nguo mbele ya watu. Enda mwenyewe, na uende saa hii."

Nimewahi kusimama mbele ya wakubwa wangu wa kazi nikajibu makosa. Sijawahi kutembea safari ndefu kama ile ya kutoka bombani hadi meza ya daktari, ambayo haizidi hatua arobaini. Alikuwa akiandika barua ya Eldoret. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia sikuwa na saa, na kwamba huenda ilikuwa nusu dakika. Nikamwambia hakutetemeka, alilegea tu, na kwamba maneno yale niliyatumia kwa kuwa nayajua.

Kalamu yake ilisimama. Niliona shingo yake ikijaa damu, nikasubiri anifukuze.

"Nimemtia mtoto sindano mgongoni," alisema polepole.

"Najua."

"Nimempa dawa ya degedege."

"Najua, daktari."

Halafu alifanya kitu ambacho mpaka leo nakishukuru. Alichukua karatasi mpya, akatoka nami hadi kitandani, akavuta kiti akaketi. "Tuanze upya," akasema. "Kuanzia kuoga."

Aliuliza kila kitu. Alinyonya lini, akanyonya kwa muda gani, alicheua? Alikuwa ameketi au amelala? Alikunja uso kwanza au alilegea kwanza? Nani alikuwepo? Niliposema mama, alimgeukia. "Na wewe mama, uliona nini?" Mama alisimama akaonyesha kwa mikono, akamlaza mtoto asiyekuwepo juu ya mkono wake, akapiga hewa mara tatu. Akamwambia kuhusu Baba Yetu na mahali alipofika. Daktari aliisema ile sala mwenyewe kwa midomo, akitazama saa ya mkononi.

"Sekunde ishirini," alisema. "Kama mama husali kwa haraka, hata hazifiki."

Mume wangu alinitazama. Alikuwa ameelewa. Akainamisha kichwa karibu na kichwa kilichonyolewa cha binti yake.

Ilikuwa wakati ule, mama akiwa bado anaonyesha kwa mikono na daktari akimsikiliza bila kumkatiza, nilipomkumbuka mwanamke wa Matulo.

Nilikuwa nimebakiza wiki mbili niende likizo, miguu imevimba, nikihesabu siku. Aliingia kituoni kwetu mchana akikimbia, msichana wa kama miaka ishirini, mtoto mgongoni. Kwao ni Matulo, karibu na Webuye, ila alikuwa amekuja kumtembelea dada yake anayeuza nyanya kando ya barabara Kanduyi. Mtoto wake wa miezi mitatu aliachia titi, akawa kijivu, akaacha kupumua. Walimmwagia maji. Alipofika kwetu mtoto alikuwa anacheka na taa.

"Alikuwa amekufa, sista," aliniambia.

"Hakuwa amekufa, mama. Angekuwa amekufa hangekuwa anacheka."

"Alikufa akarudi."

Hilo ndilo neno alilokuwa nalo. Hakusema sekunde, hakusema kulegea. Nami sikumuuliza. Nilipima joto, nikasikiliza kifua, daktari wetu akapitisha macho mlangoni, nikamwambia amnyonyeshe akiwa ameinua kichwa. Alikuwa kitini kwangu kwa dakika tano, labda. Alipofika mlangoni aligeuka akauliza, "Na akifanya tena?" Nikamjibu, "Hatafanya." Nilimjibu hivyo kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu kumi na mmoja.

Barua ya Eldoret ilichanwa. Dawa ya degedege ilisimamishwa, na kufikia kesho yake asubuhi binti yangu aliamka na njaa ya siku mbili, akanyonya mpaka nikaumia. Walimwangalia siku moja zaidi. Kabla hatujaondoka daktari alituketisha wote watatu. Alisema watoto wachanga hufanya hivi wakati mwingine, maziwa hupanda, koo hujifunga, na mtoto husahau kupumua kidogo. Mara nyingi hairudii. "Lakini siwezi kuapa," alisema. Akatufundisha la kufanya, hata mimi, na alinifanya nirudie mbele yake. Kwangu hakuongeza neno lingine ila hili: "Ungenieleza hivi siku ya kwanza, ningemlaza siku moja tu, nimwangalie." Nililichukua nikaondoka nalo.

Nyumbani mume wangu hakuniongelesha vizuri kwa siku nne. Siku ya tano aliniuliza, "Ungeniambia lini?" Nilisema sijui, na huo ulikuwa ukweli.

Niliporudi kazini, jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta rejista ya mwezi ule. Jina lilikuwepo, kijiji kilikuwepo, na mbele yake mwandiko wangu: *amepaliwa, hali nzuri, ameruhusiwa*. Namba ya simu haikuandikwa. Siku yangu ya mapumziko nilipanda bodaboda kutoka Webuye nikaenda Matulo kuuliza. Nilivaa nguo za kawaida. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba kama mtoto amekufa, nitajua kabla ya kufika, mtu atanisimamisha njiani aniambie. Niliwauliza watu watatu. Kila mmoja alinielekeza mbele, hakuna aliyemtaja mtoto.

Nilimkuta akianika maharagwe. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Wewe ndiye uliniambia hatafanya," alisema.

Nilisimama pale. Kisha nikasikia sauti ya mtoto ndani ya nyumba, sauti ya kugonga sufuria, na nikalazimika kushika mti wa kuanikia nguo.

Alikuwa amefanya tena. Mara mbili, ndani ya mwezi mmoja. Mara zote mbili mama yake hakurudi hospitali. "Ningerudi kuambiwa nini?" Mama wa mume wake alisema ni kimeo, kile kinyama cha kooni kimekuwa kirefu kinamziba. Walivuka mpaka wa nchi pale Lwakhakha, wakamfikia mtu upande wa pili anayekata. Alikikata kwa waya. Mtoto alitoka damu tangu mchana hadi kesho yake, akalazwa huko huko ng'ambo siku tisa, akaongezewa damu.

"Tangu hapo hajafanya tena," alisema. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Kwa hivyo kilikuwa kimeo?"

Ningeweza kusema neno moja nikaondoka. Niliketi kwenye gunia. Nilimwambia hapana, haikuwa kimeo, kwa kawaida hali hii huisha yenyewe watoto wakikua. Nikamwambia siku ile sikumuuliza chochote, na nilipaswa kumuuliza. Alinisikiliza huku mkono wake ukiendelea kutandaza maharagwe.

"Kwa nini hukuuliza?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Hata mimi nilikuwa nimechoka," alisema.

Hakunisamehe, wala sikumwomba. Aliingia ndani akamleta mtoto, mvulana mnene mwenye meno mawili, akanitaka nimwangalie koo. Nilimulika kwa simu. Kovu lilikuwa limepona, limejikunja kidogo upande mmoja. Nilimwambia limepona. Aliniambia nitazame tena, nikatazama tena.

Halafu nikamwomba anieleze ile mara ya kwanza, kuanzia mwanzo. Alieleza kwa muda mrefu. Alikuwa na kila kitu kichwani: alivyokuwa ameketi juu ya kreti ya nyanya, mtoto alivyoachia titi, lori lililokuwa likipita, na jinsi lilivyokuwa bado halijafika kwenye kona mtoto alipovuta pumzi. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake, na ilikuwa sahihi kuliko yangu. Nilimwonyesha jinsi ya kumlaza mtoto mkononi kifudifudi na pale pa kupiga. Alijaribu. Mtoto alidhani ni mchezo, akacheka akataka tena.

Wakati tunafanya hivyo jirani alichungulia kwenye ua. Alikuwa na mtoto begani. Alisimama akiangalia, kisha akasema wake pia aliwahi kubadilika rangi, kabla ya mvua, na hakumwambia mtu. Nikasogea kwenye gunia ili apate pa kukaa.